Corolla inatetemeka ikigusa 90, naomba ushauri

Wenzangu mnaojua magari, hamjambo. Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Hapa mjini Mombasa haina neno: Nyali, Kisauni, hata foleni ya feri ya Likoni, imetulia kama maji ya mtungini. Shida ni nikishapita Mariakani kuelekea Voi. Mshale wa spidi ukigusa 90 usukani unaanza kutetemeka, 95 mpaka 100 mikono yafa ganzi, halafu nikisukuma hadi 110 inapoa. (Mke wangu hataki kusikia habari ya hiyo 110.)

Nikikanyaga breki mtetemo hauzidi, kwa hivyo diski sizishuku sana. Nikitoa gia nikaiacha iserereke yenyewe, ni vile vile, basi injini naona haimo. Magurudumu ya mbele nimeyafanyia balansi (kusawazisha uzito wake) mara mbili. Jumapili nikayahamisha, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Usukani ukatulia, lakini sasa mtetemo nausikia kitini!

Fundi wangu ameshikilia ni shafti, kile chuma kinachozungusha magurudumu, ninunue nyingine. Lakini shafti si ziko mbele? Mbona shida imehamia nyuma pamoja na magurudumu? Mimi nashuku rimu imepinda, maana kuna shimo moja pale Mazeras lilinikamata usiku.

Je, rimu iliyopinda yaweza kukubali balansi na bado itetemeke? Na nikiwa na jeki tu hapa nyumbani, nitaikaguaje? Ijumaa nampeleka mama Voi.