Naomba ushauri: tasnifu ya kibbutz, nianzie kwenye madeni au bwalo la chakula?

Wakuu, habari za saa hizi. Naandika tasnifu ya historia kuhusu kibbutz za Israeli, yaani vijiji vya ushirika ambako watu waliishi, kufanya kazi na kula pamoja, na nimekwama kwenye hoja kuu.

Msimamizi wangu anataka nieleze mabadiliko yake kwa uchumi tu: Degania, kibbutz ya kwanza, ilianzishwa 1910 kando ya Ziwa la Galilaya, mali ikawa ya wote, kisha madeni ya miaka ya 1980 yakazibana kibbutz nyingi, riba zikapaa, na mwishowe Degania yenyewe ikapiga kura 2007 kuruhusu mishahara tofauti. Sawa, hayo sibishi.

Ila mimi naona ufa ulianza mapema, tena ndani ya nyumba. Nguo zilifuliwa pamoja, kila moja ina namba ya mwenyewe. Watoto katika kibbutz nyingi walilala nyumba ya watoto, mbali na wazazi, mpaka akina mama wakachoka. Na lile birika la chai! Watu walibishana mkutanoni kama mwanachama aruhusiwe birika chumbani, maana akichemsha chai kwake, bwalo la pamoja atalifuata kwa lipi? Kwangu hilo lina uzito kuliko deni la benki.

Sasa, kwa mliowahi kuishi au kujitolea kibbutz, au mnaosoma historia ya ushirika: nimshawishi vipi mzee huyu? Na ulinganisho na vijiji vya ujamaa niuweke, au utanitawanya?