Proud Mary: Huyu Mary ni mwanamke au ni meli?

Swali
Wapenzi wa muziki, salaam. Tangu utotoni nimeusikia wimbo wa "Proud Mary" kwa sauti ya Tina Turner, nikiamini kuwa ni wake na kwamba Mary ni mwanamke mwenye fahari zake. Juzi nimeusikia ukiimbwa na wanaume, mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nikaambiwa kuwa hao ndio wenyewe. Naomba mnifafanulie.

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, umeambiwa kweli. Wenyewe ni Creedence Clearwater Revival, vijana wanne wa El Cerrito, California, walioutoa Januari 1969. Mtunzi ni John Fogerty, aliyeuandika mwaka 1968 akiwa na furaha ya kuachiliwa kutoka jeshi la akiba, na ukiusikiliza kwa kujua hilo utaelewa kwa nini anayesimulia, baada ya kumfanyia mtu kazi usiku na mchana na kuosha masahani huko Memphis, anaacha yote na kupanda meli ya mvuke yenye gurudumu kubwa la kusukuma maji. Meli hiyo ndiyo Mary. Hata hivyo hukukosea sana, kwani Fogerty mwenyewe ameeleza kuwa mwanzoni Mary alikuwa mwanamke mfua nguo.

Jibu la pili
Naongeza la gitaa, maana mimi ni mpigaji. Mwanzoni Fogerty anagonga C na A (hizi ni herufi za kutajia sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kwenye gitaa), tena C na A, kisha anateremka hadi D, na ubeti mzima unatulia hapo hapo kwenye D bila kuhama. Ndiyo sababu unahisi maji yakikuchukua taratibu. Sauti za kuitikia alizirekodi Fogerty peke yake, jambo lililowaudhi wenzake, lakini kwa sikio langu alikuwa sahihi, kwa kuwa zimeshikana kama sauti ya mtu mmoja.

Jibu la tatu
Tusimpunje Tina. Yeye na Ike, mumewe wa wakati huo, waliutoa upya mwaka 1971, ukianza polepole huku Ike akiitikia kwa sauti nzito, kisha ukichomoka mbio. Ulifika nafasi ya 4 Marekani na kuwapatia tuzo ya Grammy. Wa Creedence ulifika ya 2.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimeusikiliza tena wa mwaka 1969, na kwenye ile D nimelisikia gurudumu.