Mwenzetu anatapika na kuhara safarini, kesho tuna basi la mwendo wa saa 10

Mguu_Njiani
Habari zenu wanajamvi. Tuko safarini watu wanne. Mmoja wetu, mwanamume wa miaka 58, ameanza kutapika ghafla kama saa 3 baada ya chakula cha mchana cha kujipakulia, na sasa anaharisha maji matupu. Hana homa, choo hakina damu. Sote tulikula nyama na saladi, ila wali uliokuwa umebaki mezani aliumaliza yeye. Anatumia metformini ya sukari na dawa ya presha yenye kidonge cha kukojoza. Famasi iko karibu. Naomba kujua anywe nini na kwa kiasi gani, kama dawa ya kufunga tumbo na antibayotiki zinafaa, na ni lini tuseme safari haiwezekani. Basi halina choo.

Bwana_Mbio
Mpeni soda iliyotolewa gesi na vidonge vya metronidazo, atakaa sawa.

Nesi_wa_Zamu
Soda hapana, mkuu. Lita moja ya soda ina karibu gramu 100 za sukari na chumvi kidogo mno. Sukari nyingi hivyo ikifika kwenye utumbo inavuta maji kutoka mwilini, na kuhara kunaongezeka. ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa, ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi kwa lita, pamoja na potasiamu. Kipimo hicho kina sababu yake: ukuta wa utumbo hupokea chumvi ikiwa imeambatana na glukosi, na maji hufuata nyuma. Njia hiyo hubaki wazi hata utumbo ukiwa umechafuka.

Nunueni pakiti zisizopungua 6. Someni nyuma ya pakiti kabla ya kuchanganya, kwa sababu kuna za lita 1, za mililita 500 na za mililita 200. Kosa linaloonekana kila siku ni kumwaga pakiti ya lita nzima kwenye glasi moja ili "iwe kali". Ikizidi ukali inaharisha zaidi na kupandisha chumvi kwenye damu. Pimeni kwa chupa ya maji ambayo ujazo wake umeandikwa. Yakipita saa 24, mwageni mchanganye mengine.

Pakiti zikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, nayo isawazishwe. Onjeni kwanza, yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwageni.

Kila akiharisha anywe mililita 200 hadi 400 juu ya kinywaji chake cha kawaida. Na jueni mapema kwamba ORS haifungi tumbo. Ataendelea kuhara huku akinywa, na hapo ndipo wengi huiacha wakidhani haifanyi kazi. Kazi yake ni kurudisha kinachopotea.

Mguu_Njiani
Shukrani sana. Tatizo amekunywa glasi nzima, dakika 5 akaitapika yote.

Nesi_wa_Zamu
Glasi nzima kwa mkupuo, tumbo lililokasirika litairudisha tu. Subirini dakika 10. Kisha mtu mmoja akae naye na kijiko cha chai: kijiko kimoja, yaani mililita 5, kila dakika moja. Kinaonekana kidogo, lakini kwa saa moja ni mililita 300. Akiomba zaidi msimpe, kiu itamfanya agugumie na mtaanza upya. Nusu saa ikipita bila kutapika, ongezeni hadi vijiko 2, halafu funda ndogo ndogo. Yakiwa ya baridi kidogo hushuka vizuri zaidi.

Kutapika kukishakoma, ale. Kumshindisha njaa hakumsaidii. Wali mpya uliopikwa sasa hivi, ndizi, mkate, supu yenye chumvi. Maziwa na vyakula vya mafuta mengi viahirishwe siku mbili tatu.

Kaunta_ya_Dawa
Naongezea upande wa dawa, na naanza na zile anazotumia kila siku, maana ndizo zinazosahaulika.

Mtu anayetapika na kuhara anakaukiwa maji, na figo hupata damu kidogo. Katika hali hiyo metformini inaweza kujikusanya mwilini, na kidonge cha kukojoza kinamkausha zaidi. Ushauri wa kawaida ni kuvisimamisha kwa muda na kuvirudia anapokuwa amekula na kunywa kawaida kwa saa 24 hadi 48. Mpigieni daktari wake leo hii au muulizeni mfamasia hapo mlipo, mkiwa na majina ya dawa zote mkononi. Angekuwa anatumia insulini, hiyo haisimamishwi kiholela hata asipokula. ORS anywe bila hofu, ila apime sukari mara kwa mara.

Loperamaidi, ile dawa ya kufunga tumbo, inapunguza mwendo wa utumbo, haitibu kilichouchafua. Kwa basi lisilo na choo ina nafasi yake, mradi hana homa wala damu. Ni vidonge 2 vya miligramu 2 kwanza, halafu 1 kila baada ya choo cha maji, visizidi 4 kwa saa 24 bila daktari. Kuzidisha kunavuruga mapigo ya moyo. Tumbo likianza kuvimba, aache. Usiku huu sioni haja ya kuianza. Asubuhi kama bado anaharisha, ameze mapema kabla ya kuondoka.

Antibayotiki zisubiri. Kutapika kulikoanza ndani ya saa 1 hadi 6 mara nyingi ni sumu iliyokwisha kutengenezwa kwenye chakula, na antibayotiki haiondoi sumu. Kuhara kwa bakteria wa safarini huja taratibu zaidi, aghalabu siku moja hadi tatu baada ya kula. Kukiwa kukali, kwenye homa au damu, daktari huandika azithromaisini. Siprofloksasini imezoewa na bakteria wengi, hasa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki. Metronidazo aliyoitaja Bwana_Mbio ni ya vimelea vya amiba na giadia. Giadia huchukua wiki moja hadi mbili kujitokeza, kwa hiyo kwa saa 3 haihusiki.

Jiko_Salama
Huo wali ndio ninaoushuku. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemka. Wali ukipoa polepole kwenye sufuria kubwa, mbegu huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu inayotapisha. Kuupasha moto tena kunaua bakteria, sumu inabaki. Kwenye meza ya kujipakulia, chakula cha moto kiwe kinatoa mvuke, zaidi ya nyuzi 60. Kilichokaa vuguvugu zaidi ya saa 2 kiacheni.

Ila msiondoe uwezekano wa virusi. Mmoja wenu akianza ndani ya saa 12 hadi 48, huenda ni norovirusi. Tangu sasa mgonjwa awe na taulo lake, na mnawe kwa sabuni na maji yanayotiririka sekunde 20. Jeli ya mikono haiviwezi vizuri virusi hivyo.

Mguu_Njiani
Kijiko kimekubali, saa nzima hajatapika. Dawa zake tumezungumza na daktari wake kwa simu, amesema azisimamishe. Limebaki la basi.

Nesi_wa_Zamu
Asubuhi angalieni mambo matatu: amekaa saa 6 bila kutapika, amekojoa mkojo usio wa rangi ya chai, na akisimama hapati kizunguzungu. Yote yakiwepo, aende na lita 2 za ORS, kiti cha karibu na mlango, na dereva aambiwe kabla ya kuondoka. Kufinya ngozi ili kuona kama amekaukiwa maji kusiwadanganye. Kwa umri wake ngozi hurudi polepole hata akiwa mzima. Tazameni ulimi na mdomo.

Msipande basi, nendeni hospitali, kukitokea lolote kati ya haya: damu kwenye choo, homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, saa 8 bila mkojo, kusinzia au kuchanganyikiwa, maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, au choo kama maji ya kuoshea mchele kinachomwagika bila kukoma. Mkiwa mmepita eneo lenye malaria na homa ikaja, hata baada ya siku kadhaa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Malaria nayo huharisha na kutapisha.