Gari jipya linamuumiza mama mkwe mgongo. Nianzie wapi kabla ya kununua shoki?

Mwalimu wa Mamboleo (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Naomba ushauri, na nikiupata kabla ya Jumamosi ijayo nitashukuru sana.

Mwezi wa tatu mimi na mume wangu tulinunua gari letu la kwanza, sedani ndogo ya Kijapani ya 2017, injini ya cc 1500. Pesa yenyewe tuliichanga kwenye chama miaka minne. Kwa mambo mengine halina neno. Halili mafuta, na buti lake linameza magunia mawili ya mahindi. Shida ni linavyotupiga. Kila tuta, kila kiraka cha lami, hata ile mistari myembamba wanayochora kabla ya matuta, naihisi kwenye meno.

Ingekuwa ni mimi peke yangu ningevumilia. Lakini mama mkwe ana tatizo la mgongo, na kila mwezi tunamchukua nyumbani, karibu na Mbale, kumleta kliniki hapa Kisumu. Safari iliyopita tulipofika Kiboswa aliniomba nisimame. Akashuka, akaushika mlango, akaniambia polepole, "Mwanangu, mwezi ujao niacheni nije na matatu." Hakusema kwa ubaya. Ila gari hili tulilinunua kwa ajili yake, na maneno hayo hayajanitoka moyoni.

Fundi wa mtaani alilibonyeza pale mbele mara mbili, akasema shoki zote nne zimekufa, nitafute Sh38,000. Mwezi huu sina. Nikiwa na hakika nitazitafuta. Je, ni shoki kweli? Au sedani ndivyo zilivyo, na mama azoee tu?

Dereva wa Chavakali (Kakamega)

Mulembe dada, na umpe mama pole zangu.

Usinunue chochote bado. Kazi ya shoki ni kutuliza springi. Ikifa, mara nyingi gari halikazi, linalegea: ukivuka tuta linaendelea kunesa kama mtumbwi, na mkijaa watu linazama mpaka linagonga chini, gu! Wewe unasema unahisi hata mistari ya barabarani. Huo ni ugumu, si ulegevu.

Hebu tuambie, tairi zimeandikwa namba gani ubavuni? Upepo umejazwa kiasi gani? Na mkiwa watano ndani, linatulia au linazidi?

Mwalimu wa Mamboleo

Asante ndugu. Nimetoka nje kuangalia: 215/45R17. Upepo sijui, kijana wa panja huniambia tu ameweka wa kutosha. Tukiwa watano linatulia kidogo. Nikiwa peke yangu asubuhi kwenda shuleni ndipo linanirusha zaidi.

Fundi Njoro (Nakuru)

Mwalimu, hilo la mwisho ndilo jibu lenyewe. Gari linalotulia likibeba mzigo lina kitu kilichokazwa kupita kiasi. Lingekuwa na shoki zilizokufa, watu watano wangelimaliza kabisa.

Anza na upepo, kwa sababu ni bure. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo, kuna stika ya kiwanda. Magari mengi ya aina yako huandikwa kama kPa 230, na kwa vipimo vya vituo vyetu vya mafuta hiyo ni PSI 33 hivi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likipata moto kipimo hupanda na utadanganyika. Nimeshapokea magari yaliyotoka yadi na 45 au 50 kwenye tairi. Yalijazwa hivyo kwa ajili ya safari ya meli na kusimama muda mrefu, na hakuna aliyekumbuka kupunguza.

Kisha hizo tairi. Kwenye 215/45R17, ile 45 ina maana kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana, yaani milimita 97 hivi. Gari kama lako likivaa 195/65R15, ubavu unafika 127. Hizo sentimita tatu za raba na hewa ndizo zinazomeza kokoto na mashimo kabla hayajafika kwenye springi. Mwenye gari wa kwanza alitaka lipendeze. Mgongo wa mama ndio unaolipa.

Kijana wa Kondele (Kisumu)

Mwalimu, mimi langu niliteremsha upepo hadi 24 na sasa ni kama sofa. Jaribu.

Fundi Njoro (Nakuru)

Usijaribu, tafadhali. Kondele, ndugu yangu, na wewe ongeza leo hii. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila mzunguko, linapata moto, na kwa mwendo wa barabara kuu linaweza kupasuka. Tena kwa ubavu mwembamba kama huo, shimo moja tu linabana raba kati ya rimu na lami, tairi linatokwa na uvimbe. Tufuate stika, si zaidi si pungufu. Mkijaa na mizigo, tazameni kama stika ina kipimo cha pili cha mzigo.

Mwalimu, nimesahau jambo. Piga magoti nyuma ya gari, washa tochi ya simu, chungulia springi. Ukiona kipande cha raba kimebanwa katikati ya mizunguko ya chuma, tuambie.

Mama Pendo (Bungoma)

Wakati mafundi wanaendelea, mimi niseme la abiria. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na nimemwendesha miaka miwili kwenye gari dogo. Usimketishe nyuma. Kiti cha nyuma kiko karibu na ekseli, kila pigo linamfikia moja kwa moja. Mweke mbele, rudisha kiti, mwegemeo ulale kidogo, na kanga iliyokunjwa kiunoni.

Kwenye tuta, kanyaga breki mapema, halafu iachie kabla gurudumu la mbele halijapanda. Ukipanda huku umekanyaga, springi za mbele zinakuwa zimeshabanwa na hakuna nafasi ya kupokea pigo. Nilifundishwa na dereva mzee wa lori, na tangu siku hiyo mama hajashika dari tena.

Mwalimu wa Mamboleo

Wadau, nimetetemeka. Leo alfajiri nimepima kwenye kituo cha mafuta: 46, 46, 44, 47. Stika inasema 230. Nimeshusha hadi 33 zote nne na nimehisi tofauti kabla sijafika shuleni.

Na Fundi, nimechungulia. Nyuma kuna raba nyeusi nene kwenye springi zote mbili. Mbele pia kuna kitu kama kisahani juu ya shoki. Nilimpigia aliyetuuzia, akasema waliliinua kwa sababu ya barabara zetu, kwamba alitufanyia hisani. Hatukuambiwa neno siku ya kulipa, na hilo limeniudhi sana.

Nitoe? Njia ya kwenda kwa mama ni ya murram na ina kituta katikati. Naogopa kukwangua.

Dereva wa Chavakali (Kakamega)

Barabara hizo nazijua, woga wako una msingi. Ila kuna kuinua na kuinua. Kile kisahani cha mbele, kikiwa kati ya shoki na bodi, kinasogeza gari juu bila kuibana springi. Raba ya nyuma inashika mizunguko ya springi isifanye kazi, kwa hiyo chuma kinachobaki kunesa ni kifupi na kigumu. Ndiyo maana unarushwa ukiwa peke yako.

Fundi Njoro (Nakuru)

Nakubaliana naye. Mimi ningetoa raba za nyuma wiki hii. Ni kazi ya jeki na stendi, nusu saa. Usikubali mtu aingie chini kwa jeki pekee. Kisahani cha mbele kibaki kwa sasa, mradi fundi akague viungo vya ekseli na boljointi (viungo vya duara vinavyoshika gurudumu), kwa sababu gari likiinuliwa vinakaa kwa pembe isiyo yake. Baadaye pima alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu.

Ukipata pesa mwisho wa mwezi, nunua rimu za 15 na tairi za 195/65, wala si shoki. Watu wengi wanazitaka hizo 17, mtabadilishana na uongeze kidogo. Gurudumu zima la 195/65R15 lina kipenyo cha milimita 634 hivi, la sasa ni 625, kwa hiyo utapata ulaini na bado gari lipande milimita nne au tano. Kabla ya kulipa, wajaribishe rimu moja mbele waone kama haigusi breki, na hesabu ya matundu ya nati ilingane. Angalia pia namba nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba ikizeeka hukauka, hata ikiwa na meno mazuri.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: mtu akikubadilishia bushi (zile raba za kwenye viungo vya chini ya gari), boliti za mwisho zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, bushi inakaa imejipinda siku zote. Gari linakuwa gumu, na bushi inachanika mapema.

Mwalimu wa Mamboleo

Jumamosi jioni. Tumerudi.

Raba zilitolewa Alhamisi. Nyuma limeshuka vidole viwili hivi. Mume wangu alishuka kuangalia pale kwenye kituta cha murram, nikapita kwa mshazari, halikugusa. Mama nilimweka mbele na kanga yake, na matuta nikayapita kama Mama Pendo alivyosema.

Kiboswa nilipunguza mwendo, nikamtazama. Akaniuliza mbona nasimama. Nikamwambia nilidhani anataka kushuka anyooshe mgongo. Akasema, "Twende, tutachelewa foleni." Nimelia kidogo tulipokuwa tukiteremka Riat, na yeye hakuona.

Rimu ni mwisho wa mwezi. Sasa nimebaki na mlio mmoja mbele kushoto, tok, tok, kwenye mashimo madogo tu.

Fundi Njoro (Nakuru)

Nimefurahi kwa ajili ya mama. Huo mlio, anza na linki ya stebilaiza, ile fimbo nyembamba iliyo kando ya shoki. Gari likiwa limesimama chini, ishike kwa mkono uitikise kwa nguvu. Ikicheza, badilisha hiyo peke yake, na umwambie fundi akuoneshe ya zamani.