Mjadala: Nani aliiondoa Boeing Seattle, mabosi au wagomaji?

Mtupa Kokoto
Wakuu, kuna watu bado wanaiita Seattle mji wa ndege. Ndege gani? Makao makuu ya kampuni ya ndege ya Boeing yalihama kwenda Chicago 2001, na tangu 2022 yako Arlington, Virginia. Ndege zao za 787 zote siku hizi zinaunganishwa jimbo la South Carolina. Mimi nasema migomo ndo imeua. 2008 wafanyakazi waligoma siku 57, mwaka uliofuata tu kampuni ikatangaza laini ya pili ya 787 inapelekwa South Carolina ambako chama cha wafanyakazi hakina meno. Hesabu ya darasa la pili hiyo. Na tusidanganyane, Boeing walianza kama mafundi seremala tu, bahati ikawabeba.

Randa Kali
"Mafundi seremala TU"? Hiyo "tu" umeiokota wapi? Miaka ishirini na mbili nashika randa na patasi, nakwambia hivi: ile ndege ya kwanza ya mwanzilishi William Boeing ya 1916 ilikuwa mbao, kitambaa na nyaya, na baadhi ya sehemu zake zilitengenezwa kwenye karakana ya boti pale mto Duwamish. Mbao ikipinda kidogo tu, rubani anakufa. Wewe hata stuli hujawahi kutengeneza.

Kipanga wa Jioni
Randa tulia kaka, hajakutaja wewe. Mtupa, umekosea mlango. Mwaka wa kuutazama ni 1997, walipoungana na kampuni nyingine ya ndege, McDonnell Douglas, baada ya pale wenye hesabu wakawakalia mainjinia kichwani. Matokeo ni ndege ya 737 MAX, mbili zilianguka, watu 346 wakafa. Huo nao ni mgomo?

Mtupa Kokoto
Sijamtukana mtu. Nimesema seremala, seremala siyo tusi. Baada ya vita ya kwanza oda za jeshi zilikauka wakaanza kutengeneza fanicha na boti ili mishahara ipatikane, hilo linajulikana. Kampuni ya ndege inauza makabati, halafu nikisema bahati mnanuna.

Dada Nati
Nyie wote mnachanganya. 737 inaundwa mji wa Renton. 747 ilikuwa mji wa Everett. Zote siyo Seattle, kila mmoja una meya wake. Anayesema "Seattle imepoteza" atwambie kwanza Seattle ipi.

Kipanga wa Jioni
Dada yangu, mtu anaamka Seattle anaenda kazini Everett anarudi kulala Seattle, hapo tunagombania mipaka ya nini?

Dada Nati
Ya kodi! Jimbo la Washington liliipa Boeing punguzo la kodi la dola bilioni 8.7 mwaka 2013 ili kazi ya kuunda ndege ya 777X ibaki Everett, na Januari 2014 wafanyakazi wakapiga kura kuachia pensheni yao ya zamani, ikapita kwa asilimia 51 kwa 49. Sasa Mtupa anasema wakorofi ni wagomaji. Waliachia pensheni! 2024 watu elfu 33 waligoma wiki saba, wakapata nyongeza ya asilimia 38 kwa miaka minne, pensheni hawakurudishiwa.

Mtupa Kokoto
Si ndo yaleyale, wiki saba ndege hazitoki, mteja atasubiri?

Kipanga wa Jioni
Anguko kubwa kuliko yote halikuwa na mgomo wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 70 oda zilikauka, Bunge la Marekani likakata pesa za ile ndege ya kwenda kasi kuliko sauti mwezi Machi 1971, ajira zikatoka kama laki moja zikaanguka chini ya elfu 40. Mpaka likawekwa bango karibu na uwanja wa ndege, atakayeondoka Seattle wa mwisho azime taa. Nani aligoma pale, bango?

Randa Kali
Mmeniruka. Naomba Mtupa afute neno "tu". Vita ya pili, kile kiwanda cha ndege za mabomu za B-17, kinaitwa Plant 2, waliogopa Wajapani watakilipua kwa mabomu, wakaweka mtaa mzima wa bandia juu ya paa, nyumba na miti, ili rubani akitazama chini aone watu wanaishi. Unafikiri nyumba zile zilijengwa na mhasibu?

Dada Nati
Aliyebuni alitoka Hollywood, fundi wa seti za sinema.

Randa Kali
Aliyebuni! Kuchora siyo kupigilia misumari dada.

Mtupa Kokoto
Haya nafuta "tu". Walianza kama mafundi seremala. Umefurahi? Turudi kwenye migomo.

Kipanga wa Jioni
Mi nimebaki kwenye makabati. Hivi kuna mtu ana kabati la Boeing nyumbani mpaka leo?

Randa Kali
Kama lipo usilipige rangi. Toa droo, tazama viungo vya kona, nitumie picha nikwambie aliyechonga alikuwa fundi au alibahatisha.