Albamu ya kwanza ya michano ya Chuga (Arusha): mistari inaipita sneya, nyimbo zote zinafanana

chalii_wa_mistari

Wakuu, albamu ya kwanza ina nyimbo 11, hip-hop ngumu ya Arusha. Biti zote ziko kati ya mapigo 88 na 92 kwa dakika (BPM). Kasoro ni tatu: mistari inaikimbia sneya (ile ngoma kali ya pigo la pili na la nne), vina vinasikika vyepesi hata pale vinapolingana, na ikifika wimbo wa tano zote ni kama wimbo mmoja. Sauti nayo inaelea juu ya mdundo badala ya kukaa ndani. Nianze kurekebisha wapi?

hesabu_mizani

Anza na kalamu, studio baadaye.

Mstari mmoja wa biti una nafasi 16 za silabi. Kwa 90 BPM hizo ni silabi sita kwa sekunde. Shairi letu la asili nalo lina mizani 16, nane kwa nane, ndiyo maana wengi huandika 16 na kuona zimeenea. Zimeenea kweli, ila hakuna pa kuvuta pumzi, kwa hiyo unaanza mstari unaofuata mapema ili uuwahi. Hapo ndipo sneya inapopitwa.

Sneya inapiga nafasi ya 5 na ya 13. Mkazo wa neno la Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Basi silabi ya 13 iwe ndiyo yenye mkazo, ya 14 imalizie neno, mbili zinazobaki ziwe pumzi. Mfano:

*Sikujia jina hapa, nilijia kazi*

Hesabu: 14. Sneya ya kwanza inaangukia JI ya "jina", ya pili KA ya "kazi". Sasa badilisha mwisho uwe "nimekuja kwa kazi": sneya inaangukia "kwa", neno lisilobeba kitu, na mstari unalegea papo hapo. Usipime kwa jicho, piga makofi. Na kumbuka "mtaa" ni silabi tatu (m-ta-a), lakini "mwana" ni mbili. Wengi wanapotea hapo.

Kuhusu vina: kitenzi cha Kiswahili kinajipa kina chenyewe. Amepigwa, amefungwa, ametengwa. Hiyo ni sarufi inafanya kazi, mwandishi kalala. Ukiona vitenzi vitatu mfululizo vya -wa, -sha au -ana, futa. Kina kianzie kwenye irabu yenye mkazo, na uchanganye aina za maneno: jalala, msala, mahala, nalala. Kitenzi kimoja kati ya vinne kinatosha.

kaskazini_daima

Hapo juu amemaliza, naongeza la ladha. Kutaja Chuga na kusema "chalii" kila mstari wa nne hakufanyi albamu iwe ya Arusha. X Plastaz, kundi la hip-hop la Arusha, kwenye albamu yao ya 2004 waliweka uimbaji wa Kimaasai ndani ya wimbo wenyewe, sauti ikifanya kazi ya ala. Yaani eneo lilisikika hata kwa asiyejua neno moja la Kiswahili. Jiulize: ukiondoa maneno yote, biti zako zinabaki na nini cha kaskazini?

Na kufanana kwa nyimbo hakutokani na BPM peke yake. Ni umbo. Kama nyimbo 11 zote ni mistari 16, kiitikio, 16, kiitikio, hata ukibadilisha kasi msikilizaji anajua kinachokuja. Tazama albamu ya kwanza ya Professor Jay akiwa peke yake, *Machozi, Jasho na Damu* ya 2001, "Ndio Mzee" ilivyojengwa: mgombea anaahidi, umati unaitikia. Kiitikio kimekuwa mhusika. Badilisha umbo la nyimbo tatu au nne hivyo: moja mazungumzo, moja isiyo na kiitikio kabisa, moja ya mistari minane minane ya kupokezana.

fundi_miksi

Umbo sawa, ila BPM nayo isidharauliwe. Nyimbo 11 ndani ya tofauti ya BPM nne zinachosha. Shusha mbili hadi 72 hivi, pandisha moja hadi 97. Ila ukishabadilisha kasi andika upya. Mistari ya 90 ikibanwa kwenye 97 inarudisha tatizo lile lile la pumzi.

Sauti inayoelea: nabashiri biti ni faili moja ya MP3 iliyokwisha kufanyiwa masta (kukamilishwa na kupandishwa sauti). Hapo hakuna nafasi iliyoachwa kwa mchanaji. Mwombe prodyuza vipande, yaani kiki, sneya, besi na sampo kila kimoja peke yake, faili za WAV za 24-bit. Ukikosa, shusha biti yote dB 5 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha ipunguze dB 2 kati ya 2 na 4 kHz, ambako maneno yanasikika.

Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kilele kisipite −6 dB. Kata chini ya 90 Hz. Kompresa (kibana sauti inapozidi) iwe 3:1 au 4:1, ibane dB 4 hivi, si 10. "S" na "sh" hutoa miluzi, hivyo idhibiti kati ya 5 na 8 kHz, kwa upole, la sivyo utasikika una kithembe. Sauti ya pili irudie maneno ya vina tu, chini ya ile kuu kwa dB 8. Ukirudia mstari mzima, matamshi yanakuwa uji.

chalii_wa_mistari

Asanteni. Bafa (sampuli za sauti ambazo kompyuta inazikusanya kabla ya kuzitoa) wakati wa kurekodi ni 1024, inaweza kuchangia?

fundi_miksi

Sana. Kwa 48 kHz hiyo ni zaidi ya milisekunde 40 kwenda na kurudi. Unajisikia umechelewa, unajisukuma mbele bila kujua. Weka 128 unaporekodi, rudisha 1024 kwenye miksi. Halafu rekodi upya wimbo mmoja kabla hujagusa kalamu, ujue kosa lipi ni la mashine na lipi ni la mizani.

hesabu_mizani

Ajaribu. Ila "kwa" itabaki juu ya sneya hata bafa ikiwa sifuri.