Nimelipa dola 240 mama aione Delhi, wakala katupeleka siku ambayo mageti yamefungwa, kisha akatugeuza wateja wa mazulia

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa na salamu kwa wengine wote. Nina siku tisa tangu turudi Tanga kutoka India na hasira bado iko palepale, kwa hiyo mniwie radhi uzi ukiwa mrefu.

Jina la wakala silitaji. Malalamiko nimeshampelekea kwa maandishi na kwanza nataka pesa irudi. Ila alichotufanyia nitakieleza chote, kwa sababu Watanzania wanaopeleka wagonjwa India ni wengi, na huyu mtu anajua wapi pa kuwavizia. Mmekaa hospitali wiki tatu, mgonjwa kapata nafuu, ndege ni baada ya siku nne, na daktari kasema atoke atembee kidogo. Hapo ndipo ujumbe wake unapoingia kwenye simu.

Mama yangu ana miaka 68. Amefundisha historia hapa Tanga miaka 31. Waliopita mikononi mwake wanajua somo alilokuwa akilipenda kuliko yote: vita vya Novemba 1914, pale Waingereza walipoleta kikosi cha askari kama 8,000 kutoka India, wakashuka Ras Kasone wakidhani mji ni wa kuokota, wakatandikwa na jeshi la Wajerumani lenye watu kama elfu moja tu, wengi wao askari Waafrika. Na nyuki wakaingia kazini katikati ya risasi. Kila mtoto wa Tanga anaijua habari ya nyuki. Ila mama alikuwa na swali lake, kila mwaka analirudia darasani: wale vijana wa Kihindi waliokufa kwenye minazi yetu, kwenye vita isiyo yao, kwao kuna mtu anayewakumbuka?

Jibu alilipata kwenye kitabu zamani. Delhi kuna mnara wa India Gate, lango la mawe lenye urefu wa mita 42, lililochorwa na Edwin Lutyens na kuzinduliwa 1931 kwa ajili ya askari wa India waliokufa Vita ya Kwanza ya Dunia. Juu kabisa pamechongwa mahali walipofia, na Afrika Mashariki imo. Mama alitaka ayasome maneno hayo kwa macho yake. Hakuja India kutalii, alikuja kubadilishiwa vali ya moyo. Lakini alipoambiwa hospitali yenyewe iko Delhi, kitu cha kwanza kuuliza kilikuwa hicho.

Sasa tazameni kipeperushi alichonitumia huyu bwana. Ziara maalum ya wagonjwa na wasindikizaji, siku nzima, dola 120 kwa kila mmoja, tiketi zote zimo, gari lenye kiyoyozi, kiti cha magurudumu, na mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Tutaingia Ngome Nyekundu, tutaona nyumba aliyouawa Gandhi, tutapanda mnara wa Qutub Minar mpaka juu, tutauona mwenge usiozimika chini ya India Gate. Na katikati amebandika picha kubwa ya lile sanamu la Sardar Patel, mpigania uhuru wa India, refu kuliko masanamu yote duniani.

Nilikuwa nimechoka, nimelala kwenye kiti cha wodini wiki tatu. Sikuhakiki hata kimoja. Nikatuma pesa.

Nilichokuja kujua baadaye ni hiki. Ngazi za Qutub Minar zimefungwa kwa umma tangu ajali ya Desemba 1981, ambapo watu 45 walikufa kwa kukanyagana ndani ya mnara, wengi wao watoto wa shule. Zaidi ya miaka arobaini hakuna mtalii anayepanda, na huyu anauza kupanda. Tena anamuuzia mtu mwenye mshono wa kifua! Mwenge wa India Gate ulihamishiwa Januari 2022 kwenye mnara mpya wa kumbukumbu za vita, uko jirani, lakini si chini ya lango tena. Na sanamu la Patel, lenye mita 182, liko Gujarat, ukingoni mwa mto Narmada, jimbo jingine kabisa, mamia kwa mamia ya kilomita kutoka Delhi. Yaani ni sawa na kumuuzia mgeni ziara ya Dar es Salaam ukambandikia picha ya Mlima Kilimanjaro.

Halafu siku. Ziara yetu aliipanga Jumatatu. Na Delhi, Jumatatu ndiyo siku ya kufunga. Ngome Nyekundu hufungwa kila Jumatatu. Nyumba aliyouawa Gandhi, Jumatatu imefungwa. Hekalu la Lotus, lile lenye umbo la ua, Jumatatu limefungwa. Makumbusho ya Taifa, vilevile. Hii haikuwa sikukuu wala dharura, ni kila wiki, mwaka mzima. Mtu anayejiita wakala wa ziara Delhi asijue hilo? Kama hajui, anauza nini? Kama anajua, ndiyo mbaya zaidi, na kwa jinsi siku ile ilivyokwenda mimi naamini anajua.

Gari lilitakiwa saa mbili asubuhi. Lilifika saa nne kasoro. Mwongozaji wa Kiswahili hakuwemo. Kiti cha magurudumu hakikuwemo, tukaazima cha nyumba ya wageni. Dereva alikuwa kijana mpole, simlaumu sana, alikuwa na maneno machache ya Kiingereza na karatasi yenye majina ya maduka. Hiyo karatasi niliiona kwa macho yangu kwenye dashibodi.

Ngome Nyekundu tukaiona kwa nje. Kuta za mawe mekundu, ndefu mpaka macho yanachoka, alizojenga mfalme Shah Jahan alipohamishia mji mkuu wake pale kutoka Agra. Geti limefungwa, mbele yake vizuizi vya chuma. Muuza maji mmoja akatutazama tulivyosimama na kile kiti, akatikisa kichwa: Jumatatu. Tukaenda kwa Gandhi: Jumatatu. Tukaenda Lotus: Jumatatu. Hapo mama akaanza kuelewa, akanyamaza. Mama yangu akinyamaza ujue ameumia.

Njiani tukalipita lile kundi la masanamu kumi na moja, Gandhi mbele na fimbo yake, wengine kumi nyuma wakimfuata kwenye matembezi ya chumvi ya 1930. Kila mtu na mwili wake na uchovu wake, mmoja ameinama mbele kana kwamba anasukumana na upepo. Nikamwomba dereva asimame dakika tano tu. Hakusimama. Alikuwa na miadi.

Miadi yenyewe ilikuwa maduka. Matatu. Kuanzia saa saba mchana mpaka karibu saa kumi na moja.

La kwanza lilikuwa la mazulia ya Kashmir. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mgonjwa aliyepasuliwa kifua hupewa mto mdogo wa kukumbatia anapokohoa, ili mshono usivutike na mfupa usiachane. Mama alikuwa nao mapajani. Wakamweka katikati ya chumba kisicho na dirisha, wakaleta chai, kisha vijana wawili wakaanza kuyarusha mazulia sakafuni, moja juu ya jingine, kishindo na vumbi la sufu likipanda mpaka kwenye taa. Mama akaanza kukohoa. Nikamwona anaukumbatia ule mto kwa mikono miwili, amefumba macho, machozi yanamtoka, na yule muuzaji anaendelea kueleza idadi ya mafundo kwenye inchi moja. Nikapiga kelele waache. Wakaacha. Lakini mlango wa kutokea ulikuwa kwenye ghorofa nyingine, na ili uufikie sharti upite kwenye vito, shali na sahani za marumaru. Tumetoka pale mama midomo imekauka.

Duka la pili na la tatu tulikaa ndani ya gari. Dereva akaingia peke yake, akakaa, akatoka. Nilimuuliza kwa nini hatuondoki. Akaniambia ukweli, na kwa hilo namheshimu: wakala hamlipi siku nzima, wenye maduka ndio humpa hela ya mafuta kwa kila gari la wageni analoleta. Kwa hiyo ziara yetu ililipwa mara mbili. Mara ya kwanza na mimi, mara ya pili na wauza mazulia.

Qutub Minar tukafika jua limeshaanza kushuka. Pale ndiko mahali pa kwanza, na pa mwisho, palipokuwa wazi siku ile. Dirishani dereva akasema tiketi hazimo. Mgeni analipa rupia 600, raia wa India 40. Wakuu, silalamikii bei ya mgeni. Sisi wenyewe mbugani tunatoza wageni zaidi, na magofu ya miaka 800 hayajitunzi. Ninacholalamikia ni kwamba hizo rupia 1,200 za watu wawili nilikuwa nimeshazilipa na mtu kazila. Nikalipa tena. Tukaingia, na nasema bila kinyongo, mnara ule ni mzuri kupita maelezo. Mita 73 za mawe mekundu, aya za Qurani zimezungushwa kama mikanda. Karibu yake iko nguzo ya chuma yenye umri wa miaka kama 1,600 na kutu haijaila. Mama aliitazama ile nguzo mpaka nikadhani amesahau mengine yote. Akasoma kibao, akauliza mwaka, akahesabu kwa vidole. Hiyo ndiyo siku ambayo alistahili kuipata tangu asubuhi. Alipata dakika 40.

India Gate tulipita gari likiwa kwenye mwendo. Dereva akanyoosha kidole dirishani. "India Gate." Basi. Mama akageuza shingo mpaka likapotea.

Usiku huo nikamwandikia wakala. Jibu likaja la sauti: "Kaka, pole, leo kwao ilikuwa sikukuu, na foleni za Delhi unazijua. Mshukuru Mungu mama kapona." Nikamjibu Jumatatu si sikukuu. Akasoma. Hajajibu mpaka leo.

Jumatano nikachukua bajaji. Ndiyo, bajaji hizihizi, kule ni za kijani na njano. Tukapatana rupia 500 kwenda, kusubiri na kurudi. Tukaanza nyumba ya Gandhi. Kiingilio bure! Kwenye bustani wameweka nyayo za saruji, hatua zake za mwisho kuelekea kwenye sala, tarehe 30 Januari 1948, na zinakatika pale alipopigwa risasi. Mama akaomba nisimamishe kiti kabla ya hatua ya mwisho. Hatukusema neno.

Kisha India Gate. Nayo ni bure. Nyuma yake, chini ya kibanda cha mawe kilichokuwa na sanamu ya Mfalme George wa Tano mpaka miaka ya sitini, sasa amesimama mpigania uhuru Subhas Chandra Bose wa jiwe jeusi, tangu Septemba 2022. Ukutani majina zaidi ya 13,000. Mama hakutaka kitu kingine chochote, alitaka maandishi ya juu. Yako mbali, macho yake hayafiki. Nikayavuta kwa kamera ya simu, nikapiga, nikampa. Akavaa miwani, akaanza kusoma polepole kwa sauti ya darasani: Ufaransa na Flanders, Mesopotamia na Uajemi. Akafika Afrika Mashariki, akaweka kidole juu ya kioo. "Wametutaja," akasema. Akarudia. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza puto akasimama kumtazama.

Hiyo ni rupia 500. Huyu mtu alichukua dola 240, karibu rupia 20,000, asimfikishe hapo.

Na ndani ya Ngome Nyekundu hakuingia kabisa, kwa sababu Alhamisi ilikuwa miadi ya mwisho ya daktari na Ijumaa alfajiri ndege. Madaktari wamesema safari ndefu kama hizi sasa basi. Hatarudi Delhi. Nafasi ilikuwa ile moja, na iliuzwa kwa duka la mazulia. Dola 240 anaweza kunirudishia leo akitaka, ila hiyo hawezi.

Kwa yeyote mwenye mgonjwa kule sasa hivi: epuka Jumatatu. Kama Jumatatu ndiyo nafasi pekee, nenda Qutub Minar au kaburi la mfalme Humayun, hayo hufunguliwa kila siku. Ukikata tiketi mtandaoni ni 550 badala ya 600, na watoto chini ya miaka 15 hawalipi. Mwambie dereva mbele ya shahidi kwamba dukani huingii. Na kama umewahi kupitishwa na wakala wa aina hii, weka hapa tarehe na risiti zako, mimi zangu ninazo zote pamoja na ile sauti.

Jana kipeperushi kimenifikia tena kupitia kundi la wasindikizaji ambalo sijatoka. Picha ileile ya sanamu la Gujarat, Qutub Minar mpaka juu, bei imepanda dola kumi. Ameshajaza watu sita. Nimeitazama tarehe kwenye kalenda: ni Jumatatu ijayo. Ukiwa na ndugu Delhi wiki hii, mpigie usiku huu.